Lenzi Isiyovuta

Nimepiga picha watu wengi kuliko mpiga picha yeyote wa harusi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniomba nakala ya kutundika sebuleni. Nafanya kazi chumba cha eksirei. Mtu anaingia, anavua shati, anaegemeza kifua kwenye bamba, namwambia: vuta pumzi, zuia, usitikisike. Naenda nyuma ya ukuta wangu wa risasi, ile metali inayozuia mionzi, nabonyeza, kisha natoa sauti kwenye kidirisha: pumua. Anavaa, anaondoka, anaingia mwingine. Mbavu za watu nazijua sana, nyuso zao wala. Mgonjwa wangu akinisalimia njiani kwa bashasha najitia namkumbuka, tunajuliana hali, halafu kila mtu anashika njia yake.

Kwa hiyo Jumamosi ile nilipoingia duka la kamera na mama yangu, nilikuwa mwanagenzi kamili. Hata namna ya kuishika sikuijua.

Sababu ya kwenda ilikuwa moja, na bora niiseme mapema tusizungushane. Jumatatu mama alikuwa anafanyiwa upasuaji, na daktari angemtoa taya la kushoto, kuanzia kwenye kidevu mpaka karibu na sikio. Ule uso wake ninaoujua tangu nizaliwe ulikuwa umebakiza Jumamosi na Jumapili. Nilitaka niupate kwenye picha kabla haujaenda. Za simu zilikuwepo, ndiyo, lakini zote mama amepigwa kwa bahati mbaya: amekatwa nusu, au yuko nyuma ya keki ya mtu, au mdomo wazi anafokea watu wakae sawa. Nilitaka moja ya maana, iliyopigwa na kamera ya kweli, na niipige mimi.

Utadhani nilikuwa nalia. Sikuwa nalia. Nilikuwa nakula, naoga, nafika kazini kabla ya wenzangu, nacheka panapochekwa. Nilikuwa na ganzi, ile ya daktari wa meno. Mdomo unajua uko palepale, unaweza hata kuung'ata, lakini ni kama wa jirani. Watu wakawa wananisifu kwamba nimejikaza. Sikuwa nimejikaza wala nini, sikuwa nasikia kitu.

Ilianza siku nilipoipiga ile picha ya taya, maana niliipiga mimi. Mama ana saluni ndogo, anasuka na kuosha nywele, na wateja wake walikuwa wameshaanza kumtania kwamba anakula peremende peke yake, kaificha shavuni. Alicheka nao mpaka siku moja uvimbe ukamzuia kufungua mdomo vizuri. Alipokuja hospitali zamu ilikuwa yangu. Angeweza kupigwa na mwenzangu, ila alikuwa mapumzikoni anakunywa chai, nami nikaona ni mambo ya kubonyeza tu. Nikamsimamisha, nikamwambia avue hereni, ile mashine ikamzunguka kichwa taratibu, na mimi niko nyuma ya ukuta wangu. Picha ikatokea kwenye skrini. Mahali ambapo mfupa unatakiwa kuwa mweupe palikuwa peusi, na kingo zake zimeliwaliwa kama mkate ulioachwa na panya.

"Umeona nini?" mama akauliza akiwa anarudishia hereni.

Sisi wa eksirei haturuhusiwi kumsomea mgonjwa picha. Tuna jibu letu moja, tunalijibu kutwa mara nyingi hata hatulisikii tena. Nikalijibu.

"Daktari atakueleza."

Mama alifunga hereni ya pili, akachukua mkoba wake, akaniangalia kidogo. "Asante, dada," akasema, kama wanavyosema wagonjwa wote, akatoka.

Tangu hapo sikumtazama tena usoni. Sikupanga iwe hivyo. Nilikuwa naongea na paji lake la uso, au na mikono yake, au na televisheni. Daktari alipotuita kutupa habari yenyewe, nilitazama kalamu yake mpaka alipomaliza kuongea.

Basi, tulikuwa dukani. Mwenye duka wanamwita Maneno, na dakika ya kwanza tu nilijua kwa nini. Alimwamkia mama, akanivutia stuli, akaanza kufuta kioo cha kabati ambacho kilikuwa kisafi.

"Dada, unataka kamera ya kazi gani? Harusi? Mpira? Ndege? Niambie ukweli, maana kuna watu wamenunua hapa kamera ya kupigia simba, na mpaka leo wanapigia sahani ya chakula."

"Ya kupigia uso," nikasema. "Mmoja tu."

"Wa nani?"

"Wangu," mama akadakia, ameshakaa kwenye kiti karibu na mlango na mkoba mapajani. "Nimekuja kuuza sura."

Maneno alicheka. Aliuona uvimbe, nilimwona anauona, na akajifanya hajauona. Nikampenda kwa hilo kadiri nilivyoweza kupenda kitu chochote siku zile.

Akapanga kamera tatu juu ya kioo. Akanionya nisibabaishwe na megapikseli, kwamba wote wanaoanza wanauliza megapikseli ngapi, kama watu wanaouliza gari lina milango mingapi. Akasema mengi kuhusu mwanga, kuhusu betri, kuhusu kadi. Nusu yake sikuikamata. Nilikuwa naitikia kwa kichwa, na moyoni najiambia kwamba mashine ni mashine, itakuwa na sehemu ya kubonyeza.

Ya kwanza ilikuwa mpya, nyepesi, ya kisasa. Nikachungulia kwenye tundu lake nikamkuta mama ndani, mdogo, anang'aa, amekaa na mkoba wake. Nikabonyeza. Hakuondoka. Nilivyobonyeza alikuwepo, na baada ya kubonyeza alikuwepo, ananitazama moja kwa moja, uvimbe na macho na kila kitu. Nikaishusha haraka kuliko nilivyokusudia.

"Hii hapana."

"Hii ndiyo watu wanayoitaka siku hizi."

"Nipe nyingine."

Ya pili ilikuwa imeshatumika, kubwa, imechubuka kwenye pembe, ilikuwa ya mpiga picha wa gazeti. Nilipoinyanyua mkono ukatetemeka kwa uzito nikairudisha. Ya tatu ilikuwa ndogo, ya aina wanayoiita DSLR, ambayo Maneno alisema ndiyo ya kuanzia, haina makuu. Ikanikaa mkononi vizuri. Nikachungulia, nikabonyeza. Ikalia kama mlango wa kabati unaofungwa, na papo hapo kukawa giza. Kisha mama akarudi.

"Mbona panakuwa giza?"

"Ehee," Maneno akasema, akafurahi kama mtu aliyekuwa anasubiri swali hilo tangu asubuhi. "Humu ndani kuna kioo. Unachokiona pale kwenye tundu unakiona kwa kupitia kioo. Sasa ukibonyeza, kioo kinainuka kupisha mwanga, na kikiinuka wewe huoni kitu. Ni kufumba na kufumbua. Kwa maneno mengine, wakati picha yenyewe inapopigwa, mpigaji ni kipofu. Ndiyo maana wengi wanahamia zile zisizo na kioo, unaona mwanzo mpaka mwisho. Ila hii nayo ina faida zake, betri yake haichoki, halafu..."

"Nachukua hii."

"Dada, hata sijamaliza."

"Nachukua hii."

Sikueleza, na nisingeweza kueleza mbele ya watu. Lile giza nililitaka. Lilikuwa ukuta wangu wa risasi, mdogo, wa kutembea nao begani.

Mama alikuwa amesikiliza kila neno. "Kwa hiyo umechagua ile ambayo ikifika wakati wenyewe hunioni," akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyosema kwa mteja aliyechagua rangi ya nywele isiyompendeza.

"Si wewe tu, mama," Maneno akaitetea kamera yake, "hamwoni mtu yeyote."

Mama akaguna.

Ikabaki lenzi. Maneno akafungia lenzi ndefu kidogo, akanionyesha namna ya kuizungusha. "Hii inavuta. Wewe unakaa zako hapa kwenye stuli, uso wa mama unakufuata." Nikajaribu. Kweli, nikazungusha, mama akaja. Nikazungusha tena akarudi mlangoni kwake. Nikaona hii ndiyo yenyewe. Nikampiga picha kadhaa, na Maneno akazitazama kwenye skrini ya nyuma, akakuna kidevu.

"Mama, mbona umekaa kama unapigwa ya kitambulisho?"

"Muulize mpigaji. Kila akitaka kupiga ananiambia vuta pumzi, zuia, usitikisike."

"Nimesema hivyo?" nikauliza.

"Umesema," wakajibu wote wawili.

Sikuwa nimejisikia. Nikatazama zile picha. Mama kapandisha mabega, kabana midomo, macho yamemtoka. Isitoshe, katika kila picha nilikuwa nimeweka taya la kushoto katikati kabisa, kama tunavyofanya kazini, yaani sehemu inayotafutwa ndiyo inakaa katikati. Jicho lake la kulia lilikuwa limekatwa kwenye picha mbili.

"Na ile fupi nene ni ya nini?" mama akauliza, anaonyesha kwenye kabati.

"Hiyo hamsini, yaani milimita hamsini. Nzuri mno kwa sura, na hata mwanga ukiwa hafifu inaona. Ila haivuti. Ukitaka uso uwe mkubwa, sharti wewe mwenyewe unyanyuke usogee. Wanaoanza wanaikimbia."

"Mpe hiyo."

"Mama, anayepiga ni mimi."

"Na anayepigwa ni mimi. Mpe hiyo, na utupunguzie bei, maana hata urefu haina."

Maneno alicheka mpaka akafuta macho, akapunguza. Kwa hiyo kamera nikachagua mimi na lenzi akachagua mama, tukatoka na mfuko mmoja.

Jumapili saluni hufungwa. Ni chumba kimoja, viti viwili vinavyozunguka, draya imeinama pale kona kama mtu anayesinzia, sinki la kuoshea, na ukuta mzima wa vioo. Kuna dirisha moja upande wa uchochoro, na asubuhi linaingiza mwanga mzuri, hilo hata mimi mwanagenzi niliweza kuliona. Mama alikuwa amejipamba. Kasuka upya kwa msaada wa msaidizi wake, kapaka rangi ya mdomo, kavaa gauni la bluu la sherehe. Akajiweka kwenye kiti karibu na dirisha, akazunguka kunielekea.

Nikasimama mlangoni. Kwenye tundu mama alikuwa kama kidole. Nikazungusha lenzi kwa mazoea, ikazunguka tu bila kuleta kitu.

"Usipoteze muda kuizungusha, haivuti," mama akasema. "Sogea."

Nikasogea. Nikapiga. Nikasogea tena. Safari hii nilijizuia nisiseme vuta pumzi, na badala ya kusema nikawa nasema kimoyomoyo, na sijui mama alikuwa anasikia kwa njia gani, kwa sababu nikifika pale pa kuzuia, mabega yake yanapanda. Tuliendelea hivyo mpaka mwanga ukahama kutoka shavuni kwake kwenda ukutani, tukavuta kiti tuufuate. Nikampa kamera atazame. Akawa anabonyeza kile kitufe cha kupelekea mbele, polepole, anapita picha moja moja, zote zake.

"Huyu anasubiri majibu," akasema. Akapita nyingine. "Na huyu naye anasubiri majibu."

Nikajaribu ujanja. Nikamwambia nitasema kwa sauti kama kazini, lakini nitabonyeza baada ya kusema pumua, uso ukishalegea. Nikasema pumua, akapumua, nikabonyeza. Kwenye picha akaonekana kama tairi lililotobolewa. Mama alijicheka mwenyewe kwenye skrini, akashika shavu kwa maumivu, maana kucheka kulikuwa kunamuuma. Mimi nilitazama mkono uliolishika shavu.

"Pumzika kwanza," akasema. "Kaa."

Nikakaa kwenye kiti cha pili. Viti vile viko karibu karibu, magoti yetu yalikuwa yanakaribia kugusana. Mama aliweka kamera mapajani mwangu, akaninyooshea ukosi wa shati.

"Uliona nini?"

Nilijua anauliza kitu gani. "Daktari si ameshakueleza?"

"Daktari ameongea na wewe, kwa lugha yenu. Mimi nauliza wewe. Wewe ndiye uliyeona kwanza. Siku ile, nikiwa navaa hereni, uliona nini?"

Ulimi wangu ukataka kusema lilelile jibu letu. Lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikatazama sakafu, nywele za mtu wa Jumamosi zilikuwa zimekwepa ufagio chini ya sinki.

"Niliona mfupa umeliwa," nikasema. "Kuanzia hapa, mpaka huku. Niliona umeliwa sana. Nikajua hapo hapo watautoa. Nikajua pia kwamba ungekuja mapema zaidi wangetoa kidogo, na kwamba tunakaa nyumba moja na mimi ndiye mwenye mashine."

Nje, uchochoroni, mtu alikuwa anaburuta ndoo.

"Nilijua siku ileile," mama akasema. "Ulivyonijibu kama mtu baki. Nikajiambia, kama ingekuwa jino bovu tu, huyu angeshanisimanga saa hizi. Uso mimi sina shida nao sana. Nimeutazama kwenye hivi vioo kutwa kucha, nimeuchoka. Shida yangu ni wewe. Sasa hivi nikiwa mzima hunitazami. Jumatatu ikishapita itakuwaje? Utaweza kunitazama?"

Nilitaka kumwambia ndiyo. Watu wote walikuwa wanamwambia ndiyo, itakuwa sawa, usiwe na wasiwasi, madaktari siku hizi wanafanya maajabu. Nikafungua mdomo.

"Sijui, mama."

"Haya," akasema. "Angalau nimejibiwa."

Na hapo ndipo ganzi iliponiachia, si yote, upande mmoja tu. Upande huo ukauma, ukauma kweli, nikashukuru kwamba unauma. Nilinyanyua uso nikamwona. Mikunjo midogo pembeni mwa macho, rangi ya mdomo iliyotoka kidogo nje ya mstari, uvimbe uliokuwa mkubwa kuliko nilivyokuwa nikijidanganya. Alikuwa anaogopa. Mama yangu, anayefukuza vibaka kwa kitana, alikuwa anaogopa, na alikuwa ananitazama mimi, si kamera.

Nikainua kamera bila kumwambia avute chochote wala azuie chochote. Nikabonyeza mara moja.

Haikuwa picha nzuri kwa vipimo vya Maneno. Sikio limepata ukungu, na nyuma kuna draya inaonekana imemkalia begani. Lakini macho yalikuwa makali, yametulia, na uso wote ulikuwemo, kushoto na kulia. Mama aliishika kamera mbali kidogo na macho, kama wanavyofanya watu wa umri wake.

"Huyu namjua," akasema. Akanirudishia. "Imetosha. Siku wakinifungua bandeji uje nayo tena, upige na hiyo sura mpya. Usije ukajifanya umesahau."

Jumatatu walimchukua asubuhi, na nilikuwa kazini. Niliomba zamu mwenyewe. Nilipiga vifua, nikapiga miguu, nikapiga mkono wa fundi aliyeanguka kwenye ngazi. Ganzi ilikuwa imerudi na niliikaribisha. Daktari alinipigia simu akasema limetoka vizuri, lote. Neno lote nilibaki nalo siku nzima, sikujua niliweke wapi.

Siku ya kufunguliwa bandeji nilimaliza zamu, nikabeba mfuko wa kamera, nikapanda wodini. Muuguzi alinikuta kwenye korido akaniambia kazi wamemaliza, mama anaendelea vizuri, ila hajataka kioo. "Nimempelekea mara mbili," akasema. "Anakigeuza."

Mama alikuwa amelala ameelekea ukutani. Mpira mwembamba ulikuwa unaingia puani, na alikuwa anapumua kwa sauti ya majimaji. Kuongea bado alikuwa hawezi. Nikamwita. Hakugeuka. Nikaweka mfuko sakafuni nikasimama, sijui mikono niiweke wapi, nikamwambia habari za saluni, kwamba msaidizi wake amefungua, kwamba kuna mteja amegombania draya. Nilikuwa naongea na mgongo wake na niliona ni rahisi.

Kisha akajiinua taratibu, bado ameficha uso kwa kiganja, akapigapiga kitanda kwa mkono mwingine. Kaa hapa. Akanionyesha kwa kidole nizunguke, nimpe mgongo. Nikakaa. Nikasikia vidole vyake vinaingia kwenye nywele zangu, ambazo kwa kweli zilikuwa zimekaa bila mpangilio wiki nzima. Akaanza kuzitenga kwa kucha, bila kitana, mstari mmoja na mwingine, kama amesimama saluni kwake.

Ilikuwa raha, nisiseme uongo. Nilifumba macho. Ningeweza kukaa vile mpaka muda wa kuona wagonjwa uishe, yeye nyuma na mimi mbele, tukaagana, na kesho yake hivyo hivyo, na keshokutwa, na tungeweza kuishi namna hiyo miaka, mimi na mama yangu, bila mtu kumlaumu mtu. Nilipofikiri hayo nikapata woga kuliko woga wote niliowahi kuwa nao.

Nikageuka.

Akanishika kichwa kwa mikono miwili akakirudisha mbele. Alikuwa na nguvu bado. Anawafanyia hivyo watoto wasiotulia kwenye kiti. Nikageuka tena, akanirudisha tena, safari hii kwa nguvu zaidi, na kutoka kooni mwake ikatoka sauti ya kukataa. Mama aliyenichagulia lenzi ya kunilazimisha nisogee, sasa alikuwa ananisukuma nisimwone.

Nikaishika mikono yake nikaitoa kichwani kwangu. Nikageuza mwili mzima, nikapandisha na miguu kitandani pamoja na viatu vyangu vya kazi, nikamtazama.

Upande wa kushoto ulikuwa umeingia ndani. Kidevu kilikuwa kimevutwa upande, mdomo umelala, na mshono ulikuwa unatoka chini ya mdomo unapita shingoni mpaka nyuma ya sikio, mweusi, wenye nyuzi. Ngozi iling'aa kwa kuvimba. Mate yalikuwa yanamtoka bila yeye kujua. Niliogopa, na nilikuwa nalia, kwa sauti, wagonjwa wa vitanda vingine wakatazama, na sikuacha kutazama. Yeye alikuwa amefumba macho. Ameyafumba kabisa, kama mtu anayesubiri kupigwa.

Nikamfuta mate kwa kiganja.

"Mama, fungua macho."

Alitikisa kichwa.

"Fungua. Nakutazama."

Ilichukua muda. Kisha akayafungua, moja kwanza, halafu la pili, akanikagua uso wangu wote, polepole, akitafuta kama nadanganya. Sikujua ameona nini. Mkono wake ukapanda ukanishika shavu la kushoto ukabaki hapo, na tukakaa hivyo mpaka muuguzi alipokuja na sindano, na hata alipokuja sikugeuka.